Mwalimu Tena Aita Majina

Watu wana namna nyingi za kukufukuza. Wengine hukufungia mlango, wengine hukutukana mbele ya wageni, na wengine, hao ndio wa kuogopwa, hukushukuru. Mwalimu Tena alishukuriwa siku ya Jumapili baada ya ibada, mbele ya waumini wote, na mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Watu wakapiga makofi. Yeye mwenyewe alipiga makofi pia, kabla hajaelewa.

"Jumapili ijayo," mwenyekiti alisema huku akijifuta jasho kwa leso, "tutamfanyia Mwalimu wetu hafla ya kumuaga. Ametufundisha sote hapa. Amechoka. Sasa apumzike, na ukumbi wetu upate matumizi mengine."

Hapo ndipo mikono ya Mwalimu iliposimama hewani. Amechoka nani? Nani kamwambia amechoka? Alitazama huku na huku kama anayeagwa angeweza kuwa mtu mwingine, lakini macho yote yalikuwa kwake na yote yalikuwa yakitabasamu. Kilemba cha ukoka kilikuwa kimeshamkaa kichwani, na kukivua mbele za watu ingekuwa utovu wa adabu.

Jina la Tena hakupewa na wazazi wake. Alilipata shuleni, miaka ile alipokuwa akifundisha darasa la kwanza, kwa sababu mtoto akisoma vibaya alimwambia "Tena," na mtoto akisoma vizuri alimwambia "Tena" vilevile, ili ahakikishe hakubahatisha. Mkunga wa zahanati alipita mikononi mwake. Askari wa kituo alipita. Dereva wa lori la taka alipita, akarudia, akapita tena. Na mwenyekiti mwenyewe alipita, kitoto chembamba ambacho kilisoma kwa kuruka mistari ili kimalize kabla ya wenzake. Mwalimu alimwita Haraka, na jina likamganda mpaka leo, ingawa sasa ana kitambi na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na hakuna anayethubutu kumwita hivyo mbele yake isipokuwa mtu mmoja.

Alipostaafu shule, watu walidhani Mwalimu angekaa barazani ahesabu kuku wa jirani. Hakukaa. Alikwenda kwa mchungaji wa zamani, akamwomba ukumbi ulio nyuma ya kanisa, akaanza kuwafundisha kusoma wanawake ambao hawakupelekwa shule. Walikuja alasiri, wakishamaliza shughuli zao, wengine na watoto mgongoni. Mchungaji wa zamani alimpa ufunguo na baraka zake, kisha Mungu akampenda zaidi. Mchungaji wa sasa ni kijana mpole, msomi, mwenye sauti nzuri ya kuhubiri, na anamwogopa mwenyekiti kama paka anavyoogopa maji. Mwenyekiti alimwambia kwamba ukumbi ule ungefaa kukodishwa kwa harusi, na kwamba darasa lenyewe limeshakufa, wamebaki wanawake watatu wanne wanaokuja kupiga soga. Mchungaji hakwenda kuhakikisha. Angehakikisha, angelazimika kusema kitu.

Mwalimu alirudi nyumbani siku ile akiongea peke yake njiani.

Mumewe alikuwa barazani kwenye cherehani yake, kama alivyokuwa kila siku tangu wakiwa vijana. Mtaani wote humwita Fundi, na mkewe pia humwita Fundi, na yeye humwita mkewe Mwalimu, na ndivyo walivyolea mtoto na kuzeeka pamoja bila kukoseana adabu. Aliposikia lango, Fundi alifanya jambo ambalo halikuwa desturi yake: alikunja haraka kitambaa kirefu cheupe na kukikalia.

"Unakalia nini?"

"Kazi ya mtu."

"Tangu lini unakalia kazi za watu? Inuka."

Fundi aliinuka. Mwanamume mwenye busara anajua saa ya kubisha na saa ya kuinuka. Mwalimu akakikunjua kitambaa juu ya mkeka, akakisoma. Herufi za bluu, kubwa, zimekatwa vizuri: ASANTE MWALIMU. SASA PUMZIKA.

"Nani kaleta hii?"

"Yule mtoto wako, Haraka. Kaja jana asubuhi. Ananiambia, 'Mzee, nishonee bango, lakini Mwalimu asijue, tunataka kumshtua.' Hebu fikiria, Mwalimu. Mafundi wote waliojaa mji huu, yeye analeta bango la kumfukuza mke wangu aje nilishone mimi, kwenye baraza hii hii mke wangu anapomenyea viazi! Yule bado anasoma kwa kuruka mistari."

Mwalimu alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, kisha akaacha kucheka na hasira ikarudi mahali pake.

"Na wewe ukakubali."

"Kazi ni kazi," Fundi alisema. Akamwonyesha kwa ncha ya mkasi. "Lakini tazama. 'Asante Mwalimu' nimeipiga cherehani, mara mbili. Hiyo ni haki yako, haitoki. 'Sasa pumzika' nimeishikiza tu kwa mkono, uzi mmoja mrefu. Hiyo si mimi niliyesema."

Binti yao, muuguzi, alipita jioni hiyo akitoka zamu, na yeye alikuwa upande wa bango. Alimpima mama yake shinikizo la damu, akatikisa kichwa, akayagusa magoti yake yaliyovimba. "Mama, jamani. Hata wakikuaga kwa nia mbaya, si upumzike tu? Umewapa watu miaka yako yote. Hawa kina mama si watatafuta mwalimu mwingine?"

"Wapi?"

Binti alikunja kipimo chake, akakirudisha mkobani.

"Nakuuliza, mwanangu. Wapi? Nionyeshe mlango, nami nitawapeleka mwenyewe, kisha nirudi nilale."

Mlango haukuwepo, na wote wawili walijua. Ukumbi ukichukuliwa, darasa lilikuwa limekwisha. Binti alimkanda mama yake magoti kwa maji ya moto na hakulisema tena lile neno la kupumzika.

Alfajiri Mwalimu alisali. Ibada yake haikuwa ya kunong'ona. Alimweleza Mungu shauri lote tangu mwanzo kama anavyoeleza mtu aliyefika ofisini na kukuta foleni ndefu, akamkumbusha kwamba ukumbi ule uliombewa, na mwisho akasema: "Mapenzi yako yatimizwe, lakini hili naliona si lako, ni la Haraka." Kisha akasema amina na kwenda kuchemsha chai.

Siku ya Jumatano darasa lilikutana. Mwalimu hakuwahi kuanza somo bila kuita majina, na hakuyasoma popote. Yalikuwa kichwani mwake. Wala hayakuwa majina ya ubatizo. Kila mwanafunzi alipewa jina lake la darasani siku ya kwanza, mtoto au mzee, na sheria ilikuwa moja: ukiitwa unasimama, unasema "Nipo, Mwalimu," unaketi. Asiyesimama hayupo, hata kama amekaa mbele ya macho yako.

Aliita mpaka akafika kwa Mama wa Maua, na mwanamke mzee aliyekaa pembeni, karibu na mlango wa nyuma, akasimama na kusema "Nipo, Mwalimu" kwa sauti ya kunong'ona.

Huyu ndiye aliyemnyima Mwalimu usingizi wiki ile. Kanisani alikuwa mtu mkubwa, mama yake mwenyekiti, mwenye kupamba madhabahu kwa maua. Kila Jumapili aliketi kiti cha mbele, kitabu cha nyimbo wazi mkononi, akiimba bila kukosa ubeti. Mwalimu, aliyekuwa akiimba kwaya, ndiye peke yake aliyegundua kwamba yule mama hufunua ukurasa pale jirani yake anapofunua. Hakusema kitu. Siku moja mama mwenyewe alimfuata, ndoo ya maua mkononi, akamwambia: "Mwalimu, nyimbo zote ninazo kichwani. Nataka kusoma Neno kwa macho yangu kabla hayajafungwa. Lakini mwanangu asijue. Alipokuwa mdogo nilikuwa nakishika kitabu chake namwambia amekosea, na yeye anaamini. Mpaka leo anawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemsomesha."

Mwalimu aliapa. Tangu hapo Mama wa Maua alikuja na ndoo yake kama anakwenda kubadilisha maji ya madhabahu, akazunguka nyuma, akaingia. Ng'ombe hazeeki maini: herufi zilimwingia taratibu lakini zikiingia hazikutoka. Siku hiyo walikuwa wamefika "mwa, mwe, mwi," na yeye alizishughulikia kama mtu anayetafuna mfupa, hataki kuacha kitu.

Mwisho wa somo Mwalimu aliwaambia kwamba ukumbi unachukuliwa. Hakulia, na aliwakataza kulia. Muuza mkaa mmoja, aliyeitwa Kicheko, hakucheka.

Walipotoka, Mama wa Maua alibaki. "Ni mwanangu," alisema.

"Najua."

"Nikimwambia ninasoma hapa, ataacha."

"Na wewe utakuwa umeumbuka mbele yake. Usimwambie kitu, dada yangu. Niliapa, na kiapo changu hakina mlango wa nyuma. Hili nitalimaliza mwenyewe."

"Utalimalizaje?"

"Sijui," Mwalimu alisema, na ilikuwa kweli.

Jumapili ikafika. Mwenyekiti alikuwa ameshauchukua ufunguo wa ukumbi kwa Mwalimu ili apange hafla. Madawati yalikuwa yamesukumwa nje, yamerundikwa chini ya dirisha miguu juu. Ndani palipangwa viti vya plastiki, mapulizo yalifungwa kila kona, na ubao wa kuandikia ulifunikwa kwa kitambaa cha waridi ili usiharibu picha. Juu ya jukwaa lilining'inia bango la Fundi. Wanawake wa darasa walikuwa wamekaa nyuma, wametulia kama maji ya mtungini. Mama wa Maua alikaa mbele, kitenge kipya, karibu na mchungaji, kama ilivyompasa mama wa mwenyekiti.

Mwenyekiti alizungumza kwa muda mrefu. Alimpaka Mwalimu mafuta kwa mgongo wa chupa tangu utosini hadi vidoleni. Alimwita mpole, mtiifu, mama asiyewahi kubishana na mtu, na nyuma mtu alikohoa, pengine yule dereva wa lori. Kisha akampa kipaza sauti. "Mwalimu, maneno mawili tu ya kushukuru, halafu tukate keki."

Mwalimu alisimama. Magoti yalimuuma, na hilo lilimsaidia, kwa sababu lilimzidishia hasira. Badala ya kugeukia watu aligeukia ubao, akashika kitambaa cha waridi, akakivuta. Pini zikaruka. Chini yake, kwa chaki nyeupe, lilikuwapo somo la Jumatano: mwa, mwe, mwi.

"Nimefundisha maisha yangu yote," alisema, "na sijawahi kuongea mbele ya darasa kabla ya kuita majina. Leo sitaanza tabia mpya." Akamtazama mwenyekiti. "Haraka!"

"Nipo, Mwalimu!" Mwenyekiti alikuwa amesimama wima, suti na tai na kitambi, mikono ubavuni, kabla akili haijamfikia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mchungaji alijificha nyuma ya programu yake.

"Keti," Mwalimu alisema, na mwenyekiti akaketi. "Nimesikia darasa hili limekufa. Nimesikia tumebaki watatu wanne, wapiga soga. Mchungaji, mwanangu, wewe hesabu, mimi naita. Kicheko!"

Nyuma kabisa, muuza mkaa akasimama. "Nipo, Mwalimu."

"Mbio za Polepole!"

"Nipo, Mwalimu."

"Sindano! Mama Pacha! Kiberiti! Shangazi Ndoo!"

Wakasimama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliposimama, waume na watoto wa watu waligeuka kumtazama, kwa sababu wengi walidhani wanamjua na hawakujua hili. Mume mmoja alisikika akisema, "Kumbe!" Aliwaita wote. Kicheko kilikuwa kimekwisha ukumbini, na mchungaji alikuwa ameacha kuhesabu. Walikuwa wengi kuliko kwaya.

Lilibaki jina moja, na Mwalimu alilifikia, akalipita. Alihisi kama anamkana mtu, lakini alikuwa ameapa. "Hao ndio," alisema. "Hao ndio soga. Asanteni kwa keki, lakini mimi sijachoka. Siku nikichoka nitasema mwenyewe, mdomo ninao."

Mwenyekiti alikuwa amesimama tena, uso umemwiva. "Mwalimu, kwa heshima zote, kamati imekwisha kuamua. Hatuwezi kuushikilia ukumbi wa kanisa zima kwa ajili ya... kwa ajili ya watu wasiojua hata..."

"Umeniruka, Mwalimu."

Sauti ilitoka mbele. Haikuwa kubwa. Mama wa Maua alikuwa ameshika mgongo wa kiti akijiinua, na mchungaji akamshika mkono akidhani anaumwa. Akautoa ule mkono taratibu.

"Mama, keti," mwenyekiti alinong'ona. "Kuna nini?"

"Ameita darasa zima, mimi kaniruka. Na sheria tunaijua: asiyesimama hayupo. Mimi nipo." Akamgeukia Mwalimu. "Niite."

Mwalimu akanyanyua kipaza sauti. "Mama wa Maua!"

"Nipo, Mwalimu."

Mwenyekiti alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri aambiwe ni utani. Hakuna aliyemwambia. Mama yake alinyanyua uso kulitazama bango lililoning'inia juu ya jukwaa, na akanyoosha kidole, kama anavyofanya mtoto wa darasa la kwanza, akaanza.

"A-sa-nte." Akasogeza kidole. "Ma... ma-li-mu."

Ingekuwa mwalimu mwingine, angemsaidia. Angesema vizuri sana, mama, inatosha.

"Tena," Mwalimu alisema.

Mama wa Maua aligeukia ubao, akatazama chaki ya Jumatano, akarudi kwenye bango. "Mwa. Mwa-li-mu. Asante Mwalimu. Sa-sa. Pu... pum-zi-ka." Akashusha kidole. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Apumzike? Mimi nimefika 'mwa' juzi. Nimekaa miaka yote nimefungua kitabu nisichokijua, mwanangu. Nilikudanganya ukiwa mdogo kwa sababu niliona haya, na leo nakwambia mbele za watu kwa sababu haya imenichosha. Huyu akipumzika, nani atanifikisha mwisho?"

Mwenyekiti aliketi polepole. Alikuwa anamtazama mama yake kama anamwona kwa mara ya kwanza, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Mchungaji ndiye aliyesimama, rangi imempotea, akasema kwa sauti iliyopasuka kwamba yeye kama mchungaji anaona, yaani anaamua, ukumbi ubaki kama ulivyo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuamua kitu, na aliketi upesi.

Fundi hakungoja kamati ikutane. Alijongea jukwaani na mkasi wake mfukoni, akapanda kiti, akakata fundo moja na kuvuta. Uzi ukatoka wote kwa mkupuo, na SASA PUMZIKA ikadondoka sakafuni, herufi baada ya herufi. Moja ilitua kwenye keki.

"Nilishikiza tu," aliwaeleza watu.

Jumatatu alasiri madawati yalikuwa yamerudi mahali pake. Mwalimu alikuwa ameshika chaki, amevaa viatu vya raba kwa ajili ya magoti, na binti yake alikuwa amemletea kiti chenye mto, ambacho alikikataa na kisha kukikalia. Mama wa Maua hakuzunguka nyuma. Alipita mlango wa mbele, bila ndoo, akaketi dawati la kwanza, na jina lake likaitwa la kwanza.

"Nipo, Mwalimu," alijibu, kwa sauti iliyofika barabarani.

Mlangoni palikuwa na kivuli. Mwenyekiti alikuwa amesimama kizingitini, ufunguo wa ukumbi mkononi, hajui aurudishe vipi, anamtazama mama yake aliyeinamia daftari bila kumtazama yeye. Mwalimu alimwacha asimame kidogo, kwa sababu alistahili.

"Haraka," alisema mwishowe, bila kugeuka kutoka ubaoni. "Ama uingie, ama utoke. Vumbi la barabarani linatuingilia darasani."

Mwenyekiti akaufunga mlango, naye akiwa ndani.